Sekunde Sita Chini ya Kanga

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeuza maji baridi Feri nina miaka kumi na mitatu, nimefufua redio zilizozama baharini zikasema tena, nimeajiri vijana waliomaliza chuo kikuu nami shule niliiacha darasa la tano, na hakuna mtambo wa picha ulioingia kisiwa hiki cha Mombasa ambao sikuushika kabla ya wenzangu. Kwa hiyo mwezi uliopita nilipopigiwa simu nikaambiwa Maryamu amefariki, sikushangaa. Alikuwa mgonjwa muda, na njia hiyo ni yetu sote. Nikavaa kanzu, nikaenda, nikazika. Ila tulipokaa mkekani baada ya maziko, kijana mmoja mpiga picha za harusi, asiyenijua wala nisiyemjua, akamwambia mwenziwe, "Mama huyu ndiye alofundisha wanawake wa mji huu kushika kamera. Yasemekana alianzia kwa mzee mmoja hapo Ndia Kuu, wakagombana." Mwenziwe akauliza, "Waligombana n'ni?" "Siyui. Pesa, labda." Mzee mwenyewe nilikuwa nimeketi pale, goti langu likigusa lake, kikombe cha kahawa mkononi. Nikamaliza kahawa yangu. Hazikuwa pesa. Na kwa kuwa siku ile nilinyamaza, leo naandika, polepole, herufi kwa herufi.

Mwaka ulikuwa tisini na tisa, na ukiniuliza ulikuwaje nitakwambia ulikuwa wa samawati. Studio yangu ilikuwa orofani Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago, chumba kirefu chenye boriti nyeusi na madirisha mawili ya mbao tusiyoyafungua kwa kuogopea mitambo vumbi. Jua liliingia kwa nyufa tu. Lilichora mistari sakafuni, na mistari ile ilitembea polepole tangu asubuhi mpaka alasiri hata tukawa hatuna haja ya saa: ikifika mguu wa meza ni adhuhuri, ikianza kupanda ukuta, Maryamu huchukua buibui lake akaenda kuwapokea wanawe madrasa. Kila kitu kingine mle ndani kilimulikwa na vioo vya televisheni. Nyuso zetu, chupa ya chai, sahani ya viazi karai na ukwaju wake, vyote vilikuwa samawati, kana kwamba tulikuwa watu wa chini ya maji. Hata leo nikinusa ukwaju na pilipili huiona rangi ile kwanza.

Maryamu alikuwa mjane wa miaka thelathini na minne, mtu wa mtaa wa Kuze, naye alikuwa mkono wangu wa pili. Mahasidi walisema wa kwanza. Harusi za kwetu zina pande mbili. Nikahi ni ya wanaume, hiyo nilipiga mwenyewe. Kupamba ni kwa wanawake peke yao: bibi harusi hukalishwa juu akatazamwa, mabuibui huvuliwa, nywele huachwa, huimbwa na huchezwa, na mwanamume hapiti hata kwenye baraza ya nyumba hiyo. Huko alikwenda Maryamu na kamera. Kanda alizozileta alizikata mwenyewe kwa mashine mbili, moja ikicheza na moja ikinakili vile vipande avitakavyo, nami siku hizo nilikaa nyuma ya pazia nikimsikia akicheka peke yake. Akimaliza, kanda ya asili huitia mkobani akaipeleka kwa mama wa bibi harusi, mkono kwa mkono. "Amana hiyo," husema. Kile asichokinakili hakikuwepo tena mle chumbani. Ndiyo maana watu waliokuwa hawampi mpiga picha hata maji ya kunywa walitupa sisi harusi zao. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya picha zangu nzuri. Picha zilikuwa nzuri, sikatai.

Basi akaja Mutiso, mtayarishaji wa vipindi wa kituo kimoja cha televisheni cha Nairobi, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Alikula kwangu samaki wa kupaka vipande vitatu, akalamba vidole, akasema anataka vipindi sita juu ya desturi za mji wetu, na cha kwanza kiwe harusi. "Lakini Athmani, hii kaseti yako ya nyumbani siwezi kuirusha hewani," akasema. "Rangi inamwagika. Ununue Betakamu, ama ununue hizi mpya za dijitali. Na usiniletee kitu ya dakika ishirini na saba. Ni ishirini na sita, kamili, sababu hapo nyuma kuna matangazo na matangazo ndiyo inanilipa mimi na wewe." Nikamwambia hiyo ni kazi ya mkono mmoja. Alipoondoka nilikaa barazani nikatazama watu wapitao, nikawa nawaona wote tayari wako ndani ya televisheni.

Uamuzi ulikuwa baina ya vitu viwili. Nyali palikuwa na mzungu mwandishi wa habari anarudi kwao, anauza Betakamu yake: kamera ya kubebwa begani, nzito kama mtoto aliyelala, pamoja na mashine mbili za kukatia kila moja kama sanduku la bi harusi. Na Dubai palikuwa na kamera ndogo ya dijitali, kaseti yake yaenea kiganjani, ambayo picha zake humiminwa kwa waya mpaka ndani ya kompyuta zikakatwa humo humo, bila kanda, bila kurudisha nyuma na kupeleka mbele. Maryamu alikwenda Nyali kuziona zile kubwa, akarudi na uamuzi wake.

"Chukua zile za mzungu," akaniambia.

"Zitakuvunja bega."

"Bega ni langu. Sikiza, Athmani. Kanda mimi naiyua. Naiona, naishika, naitia mkobani nenda nayo. Hilo sanduku lako likishameza picha, ntalitia mkoba gani?"

"Picha twazifuta."

"Waiyua kuzifuta?"

"Ntaiyua."

"Hata kusoma lisemalo huwezi."

"Macho yako yatanisomea."

Akacheka, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nakumbuka kicheko kile kuliko nikumbukavyo harusi nyingi nilizopiga. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilikuwa na neno la kumwambia ambalo nililiweka mpaka kazi ya Mutiso ikamilike, kwa kuwa nilitaka kulisema nikiwa mtu mkubwa.

Wenye elimu wangesoma vitabu vya mitambo. Mimi nilifanya jaribio langu mwenyewe. Niliazima kwa mfanyabiashara mmoja kamera kama ile ndogo kwa siku mbili, nikapiga sahani ya halua juani. Kisha nikainakili kaseti kwa kaseti, nakala ya nakala ya nakala, mpaka mara saba. Na halua ile ile nikainakili mara saba kwa mtindo wetu wa zamani. Nikawaita watu wa barazani wapande juu. Ile ya zamani ilipofika mara ya saba halua ilikuwa tope jekundu lililotoka nje ya sahani yake. Ile ya dijitali, ya kwanza na ya saba, hakuna aliyeweza kuzitenga. Chembe za iliki zilikuwa pale pale, mafuta yakimeta pale pale. Mzee mmoja alinyosha kidole akagusa kioo. "Hii haizeeki," akasema. Wakanipigia makofi. Maryamu peke yake hakupiga. Alikuwa akiitazama ile halua ya saba, akasema kama mtu ajisemeaye, "Kitu kisichozeeka, hakifi." Mimi nikalichukua neno lile kuwa sifa. Wiki ya pili kamera ikaja kutoka Dubai katika mzigo wa ndugu mmoja, imefungwa ndani ya blanketi, na kompyuta ikafuata.

Miezi iliyokuja ilipita kama usingizi wa alasiri. Kompyuta ile ilibeba dakika arubaini tu za picha, ikijaa imejaa, kwa hiyo tulifanya kipindi vipande vipande. Ukiitaka picha moja iyeyukie nyingine, ilikaa ikahesabu, feni yake ikivuma, tulisema inapika. "Yapika?" nilimuuliza nikiingia na mahamri. "Yapika. Kaa ule." Tulikula mbaazi huku mstari mdogo wa buluu ukijaa taratibu kiooni, na harusi ikizaliwa kipande kwa kipande: mwanamume akipuliza chetezo, tasbihi ya mzee ikizunguka, kofia ikinyoshwa juu ya chungu. Chini, wauza vinyago wakibishana na watalii. Juu, feni na vijiko. Nimemiliki nyumba tatu tangu hapo, na katika hizo zote sijapata chumba kilichotulia kama kile.

Harusi tuliyoipiga ilikuwa ya binti wa Bi Nuru, mwanamke wa Kuze aliyeheshimiwa mpaka watoto walinyamaza akipita. Jina la binti silitaji. Maryamu alimwendea Bi Nuru mwenyewe, akamshika mkono, akamwahidi: upande wa wanawake hautaonyeshwa ila mikono na miguu yenye hina, na maua ya asumini kwa nyuma. Sura, hakuna. Bi Nuru alimwambia, "Sikupi Athmani, wala simpi huyo mtu wa bara. Nakupa wewe." Kwa sababu hiyo, zile picha za wanawake zilipoingia kompyutani Maryamu aliweka sharia. Televisheni kubwa ya kuonyesha picha aliifunika kanga ya machungwa. Kwenye kioo cha kompyuta, ile pembe ndogo ya picha aliiziba kwa kipande cha karatasi ya boksi na utepe wa gundi. Nikikaa mezani niliona mistari tu ya vipande na saa ikihesabu chini yake, sikuona mtu. Akifanya kazi yeye huvifunua, akiondoka huvifunika. Nami nakula kiapo mbele ya Mola wangu, hata siku moja sikuichungulia ile kanga. Watu wa siku hizi watacheka. Kwetu, macho nayo yana mlango.

Siku ya kupeleka kaseti, basi lilikuwa la saa nane mchana, na Maryamu alikuwa ameshavuka Feri asubuhi kwenda Likoni, dadake kazaa. Saa sita Mutiso akapiga simu. "Athmani, uliniambia dakika ngapi?" Nikamsomea saa ya kompyuta. "Hiyo ni ishirini na tano na sekunde hamsini na nne. Unakosa sita. Mtambo yetu inakataa, inaruka kwa tangazo. Niwekee sita." Leo mtoto yeyote angenambia tia weusi mwishoni, sekunde sita, basi. Wakati ule sikulijua. Nilitazama mistari ile. Kila mahali pengine maneno ya msimulizi yalikuwa yamebana. Palipo na nafasi ni mahali pamoja, kipande cha mikono ya bibi harusi yenye hina, ambapo chini yake palikuwa na wimbo tu wa wanawake, na wimbo huvutika. Kwa kanda za zamani nisingeweza, maana kanda ya asili ingekuwa mkobani mwa Maryamu, au zaidi, kabatini mwa Bi Nuru. Lakini kompyuta ilikuwa imemeza kila kitu, na ukikishika kipande kwa ncha ukakivuta, chaja chenyewe, kile kilichokatwa chatoka tena kana kwamba hakikukatwa. Mikono ni mikono, nikasema moyoni. Nikaishika ncha nikaivuta, macho yangu yako kwenye saa, sita kamili. Kanga ilikuwa juu ya televisheni, na karatasi ya boksi mahali pake. Ningeweza kuinua ncha ya kanga nikahakikisha. Adabu ikanizuia. Hata nilipokuwa nikikimimina kipindi kwenye kaseti nilikaa nyuma ya pazia letu la zamani, nikinywa chai, nikijiona mtu mwaminifu kuliko wote wa Mombasa.

Kilirushwa Jumamosi saa kumi na moja jioni. Nilikodi viti hamsini, nikateremsha televisheni kubwa uani kwa mwenye duka la vinyago, nikawaalika wanaume wote wa maana: imamu, baba wa bwana harusi, wafanyabiashara, na washindani wangu, hao niliwaweka mbele ili waone vizuri. Wanawake walikuwa kwa Bi Nuru, Maryamu pamoja nao. Kahawa ikapita. Jina langu likatokea kiooni na mtu mmoja akanisomea kwa sauti. Nikaona vichwa vikitikisika, nikasikia "Mashallah" kushoto na kulia. Kisha mikono ya bibi harusi ikaja, hina yake nyeusi na nyekundu, vidole vikitulia juu ya hariri. Na pale ilipopaswa kukatwa, haikukatwa. Kamera ya Maryamu ikapanda polepole, kama mtu anyanyuaye macho, ikapita mkufu, ikapita shingo, ikafika kwa binti mwenyewe, kichwa wazi, nywele zote zimemwagika mabegani na asumini ndani yake, anacheka, amemtolea ulimi mtu asiyeonekana.

Alikuwa mzuri. Naliandika hilo mara moja, na halitoki tena kwangu. Wanaume hamsini uani wakainamisha vichwa. Hakuna aliyewaambia. Vichwa viliinama vyote kwa pamoja, kama katika sala, na macho yote yakawa chini kwenye sakafu, hata washindani wangu. Sekunde sita. Wimbo ukaendelea kuimbwa juu ya migongo yao. Ikaja picha ya vyungu vya pilau, hakuna aliyeinua kichwa. Likaja jina langu tena mwishoni, hakuna aliyeliona. Wakaondoka mmoja mmoja wakinipa mkono bila kunitazama. Baba wa bwana harusi alikuwa wa mwisho. "Yatarudiwa haya?" akauliza. Nikamjibu, "Jumaane." Akasema, "Basi," akaenda zake.

Maryamu alinikuta juu. Hakukaa. "Umeigusa," akasema.

"Sekunde sita tu. Sikuangalia, wallahi."

"Nayua hukuangalia. Ungekuwa mhuni ungeangalia, ukaona, ukaacha." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Athmani, mimi ndiye nliyemshika mkono Bi Nuru. Si weye."

"Kompyuta ndiyo..."

"Usiitaje kompyuta. Ndoo hapa uifute."

Tukakaa kwa mara ya mwisho mbele ya kioo kile. Akaviteua vipande vyote vya upande wa wanawake, akabonyeza, maneno ya Kizungu yakatokea katikati. Nikamuuliza yasemaje. "Yauliza kama una hakika." Nikasema ninayo. Mstari wa buluu ukajaa polepole kama ulivyokuwa ukijaa siku za mbaazi, ila safari hii hakuna kilichokuwa kikipikwa. Ulipofika mwisho akaikunja kanga ya machungwa, akaitia mkobani. "Ya hapa imekwisha," akasema. "Ile ya Nairobi itakayorudiwa Jumaane, hiyo ni yako. Mpaka iwe mkononi mwa Bi Nuru, mimi kwake sina uso." Lile neno langu nililoliweka, sikulisema. Lingesikika kama ninaomba kusamehewa.

Jumapili asubuhi niliiuza kamera kwa mshindani wangu, yule yule aliyekaa mbele, kwa maana siendi kwa watu mikono mitupu. Nikachukua na akiba yote ya ndani ya mto. Jumatatu nilikuwa Nairobi, kanzu na koti, mbele ya meza ya Mutiso. Hakuwa mtu mbaya. Aliniletea chai, akasema kipindi kimependwa sana. "Na hiyo pahali msichana anacheka, bwana, hiyo ndiyo watu wanapiga simu wanauliza. Hiyo ndiyo roho ya kipindi! Sasa unataka niitoe?" Nikamwambia sitaki aitoe; nataka kaseti yenyewe, na kila nakala, na Jumaane kisirudiwe. "Lakini ni nini mbaya ameonyesha? Nywele?" Nilitafuta namna ya kumweleza wale wanaume hamsini walioinama, nikashindwa, mimi nisiyeshindwa kusema. Nikasema tu, "Mutiso, ulikula kwangu." Akaweka kalamu yake chini. Kisha akaniambia yeye angenipa bure, lakini saa za hewani zimeshauzwa, tangazo la Jumaane limeshalipiwa, kandarasi ya vipindi vyote sita itakuwa imevunjwa na mimi, na hayo si yake, ni ya ofisi. Akanipeleka kwa karani wa kike mwenye mashine ya kupiga hesabu. Yule dada akabonyeza, akabonyeza, karatasi ikatoka ndefu, akanigeuzia niisome mwenyewe. Herufi hunisumbua. Tarakimu hazijanisumbua maisha yangu yote. Nikahesabu noti juu ya meza yake mara mbili, nikatia kaseti tatu ndani ya koti, nikapanda basi.

Bi Nuru alinipokea barazani, buibui na mtandio, Maryamu amesimama mlangoni nyuma yake. Nikampa zile kaseti kwa mikono miwili. Akazipima uzito, ndogo zile, akashangaa kuwa aibu kubwa namna ile yaenea kiganjani. "Hakuna nyengine?" akamuuliza Maryamu, si mimi. Maryamu akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akajibu, "Hakuna, mama." Bi Nuru akaingia nazo ndani. Maryamu hakurudi kwangu kazini. Mwaka uliofuata alifungua chumba chake mwenyewe Kuze, cha wanawake wawapigiao picha wanawake, akanunua kompyuta kubwa kuliko yangu na kuitia neno la siri ambalo hata wanawe hawakulijua. Tulipokutana njiani tulisalimiana vizuri, tukaulizana hali na watoto, kwa miaka yote hii.

Ila siku ile, kabla ya kuingia ndani, Bi Nuru aligeuka akaniuliza, "Zimekutoka ngapi, mwanangu?" Nikamjibu, "Si kitu, mama, hela ya chai," na tangu siku hiyo kila aliyeniuliza nimemjibu hivyo hivyo. Maryamu pale mlangoni alijua ninasema uongo, akaniachia. Sasa ameshakwenda, hakuna wa kuniachia tena, kwa hiyo naziandika mwenyewe kama zilivyotoka kwenye karatasi ya yule karani: shilingi laki mbili na kumi na nane elfu, mia tatu na arubaini.